Wino Mkavu juu ya Shaba: Asili ya Kuchapa Njia za Umeme Nyumbani

Miongoni mwa kazi za mikono zilizozuka mwishoni mwa karne ya 20 imo moja ambayo mwanahistoria aweza kuipita bila kuitazama, kwa kuwa vyombo vyake ni vya jikoni na vya dobi: pasi ya nguo, bakuli la plastiki, karatasi ya gazeti linalong'aa, na maji. Kazi hiyo ni kutengeneza bodi ya saketi, yaani lile bamba lenye mistari ya shaba ambalo ndani ya redio, simu au saa ya umeme hubeba viungo vyote na kuviunganisha. Mtu huchora mistari yake, huichapa kwa printa ya leza juu ya karatasi, huilaza karatasi kifudifudi juu ya bamba lililovikwa shaba, huipiga pasi mpaka wino uiache karatasi na kushika shaba, kisha hulitumbukiza bamba katika dawa inayokula shaba yote isiyofunikwa. Kinachosalia ndizo njia za umeme.

Vitabu vya ufundi huielezea kazi hii kana kwamba ilizaliwa siku ile printa ya leza ilipoingia madukani. Dai hilo ni la haraka mno. Hatua zake zikichunguzwa moja moja, itaonekana kwamba hakuna hata moja iliyo mpya: kuhamisha picha kutoka karatasi hadi kitu kigumu kulijulikana Uingereza katikati ya karne ya 18, kuchimba madini kwa tindikali ni kazi ya wafua silaha wa Ujerumani, na wino mkavu una umri unaopita miaka 80. Jambo la kuuliza ni namna gani sanaa tatu zilizokuwa mbalimbali zilikutana mezani pa mtu mmoja, na nani mwenye haki ya kuitwa mwanzilishi. Swali hilo la pili lilifika mahakamani, na jibu lake halijawatosheleza watu wote.

Kwa msomaji wa Kiswahili lugha yenyewe yatoa fununu ya kwanza. Neno chapa, ambalo wanaisimu hulinasibisha na lugha za Bara Hindi, hubeba pamoja maana ya alama iliyogandamizwa juu ya kitu, alama ya biashara, na kazi ya kutoa vitabu. Na wazee walisema kupiga chapa, kwa kuwa kazi ile ilikuwa ya kugandamiza kweli. Anayeambiwa leo kwamba saketi imechapwa hudhani ni usemi wa kufananisha tu. Sivyo. Saketi huchapwa kwa maana ileile ambayo kitabu huchapwa, na waliobuni njia hiyo walikuwa karibu na wachapaji kuliko walivyokuwa karibu na mafundi umeme.

Tukio la kwanza lililo na tarehe ya hakika ni la Liverpool. Tarehe 27 Julai, 1756, John Sadler na Guy Green, kama walivyoapa wenyewe baadaye, walichapa vigae vya udongo zaidi ya 1,200 kwa muda wa saa 6 bila msaada wa mtu mwingine. Zamani kila kigae kilipakwa rangi kwa mkono. Hao wawili walichukua picha iliyochongwa, wakaichapa juu ya karatasi nyembamba, wakaibandika karatasi ingali mbichi juu ya kigae, wakaisugua. Rangi iliiacha karatasi ikashika kigae. Njia hiyo ilienea katika viwanda vya vyombo vya Ulaya, na sahani na mabakuli yaliyopambwa hivyo yalifika mpaka nyumba za Unguja katika karne ya 19, yakatumiwa na watu ambao pengine hawakujua kwamba maua yale yalitanguliwa kukaa juu ya karatasi.

Mtu wa pili ni Alois Senefelder wa Munich, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyekosa fedha za kuchapisha michezo yake. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, siku moja mwaka 1796 mama yake alimtaka aandike orodha ya nguo za dobi. Karatasi haikuwapo, naye akaiandika kwa wino wa nta juu ya jiwe la chokaa alilokuwa amelisafisha. Baadaye akajaribu kulimwagia jiwe hilo tindikali ili aone kama maandishi yatabaki yameinuka. Kutoka hapo alifikia, mnamo mwaka 1798, uchapaji wa jiwe usiotegemea kuchonga: mafuta hupenda mafuta na kuyakataa maji, basi wino hushika palipoandikwa na kukataa pengine pote.

Lakini jiwe lina taabu yake. Kinachoandikwa juu yake hutoka kinyume karatasini, kama uso katika kioo, na mwandishi hana budi kuandika kinyume ili kitoke sawa. Senefelder aliondoa taabu hiyo kwa kubuni karatasi ya kuhamishia. Mtu aliandika kwa mkono wake wa kawaida juu ya karatasi iliyopakwa gundi maalumu, kisha ikagandamizwa juu ya jiwe. Maandishi yakahamia kwenye jiwe yakiwa kinyume, na yalipochapwa yakarudi kuwa sawa. Yeye mwenyewe aliihesabu sehemu hii kuwa kubwa kuliko nyingine zote za uvumbuzi wake. Wanaosoma hati za Kiarabu watamwelewa upesi. Herufi za kufinyangwa kwa risasi ziliubana mwandiko ule unaoshikana, ilhali jiwe liliupokea mkono wa khatati kama ulivyo. Ndiyo sababu uchapaji wa jiwe ulistawi sana India, na vitabu vya Kiarabu vilivyochapwa Bombay vikasomwa madarasani katika pwani ya Afrika Mashariki.

Hesabu ya vinyume yafaa kukumbukwa, maana itarudi. Kwa Sadler picha iligeuka mara mbili: kutoka bamba hadi karatasi, na kutoka karatasi hadi kigae. Kwa Senefelder iligeuka mara mbili vilevile. Kwa fundi wa saketi hugeuka mara moja tu.

Sanaa ya kula madini kwa tindikali ni ya zamani zaidi. Mafundi wa silaha wa Ulaya waliwapambia wakuu deraya zao kwa kuzipaka nta au lami, kuchora mistari mpaka chuma kionekane, kisha kutia dawa kali. Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyekuwa fundi wa kazi hiyo, aliihamishia kwenye bamba la kuchapia picha mnamo mwaka 1500, na Albrecht Dürer akatoa picha sita kwa njia hiyo kati ya mwaka 1515 na 1518, juu ya chuma. Wasanii wa baadaye walipendelea shaba. Dawa yao ilikuwa asidi ya nitriki, ambayo hutoa povu na moshi wenye madhara. Katika karne ya 19 ndipo ilipoingia feri kloridi, chumvi ya chuma ya rangi ya hudhurungi, ambayo hula shaba kimya kimya bila mapovu. William Henry Fox Talbot wa Uingereza aliitumia katika hataza yake ya mwaka 1858 ya kuchimba picha za kamera juu ya bamba; na Karel Klíč, akifanya kazi Vienna mwaka 1879, aliikamilisha njia iliyowawezesha wachapaji kutoa picha za kamera kwa wino. Dawa ile ile, bila kubadilishwa hata kidogo, ndiyo iliyomo katika bakuli la plastiki la fundi wa leo.

Mji wa Vienna watajwa hapa si kwa bahati tu. Paul Eisler alizaliwa huko mwaka 1907, akahitimu uhandisi mwaka 1930, na kwa kuwa alikuwa Myahudi milango ya ajira ilimfungwa. Alipata riziki katika uchapishaji wa magazeti, akajifunza mambo ya mashine za kuchapa. Huenda asingalijifunza kamwe lau angalipata kazi aliyoisomea. Mwaka 1936 alihamia Uingereza akiwa na mawazo mengi na fedha kidogo. Redio za wakati ule ndani yake zilikuwa msitu wa nyaya. Kila waya ulikatwa, ukamenywa, ukapindwa na kulehemiwa kwa mkono, na kosa moja katika mamia liliweza kuinyamazisha redio nzima. Eisler, katika chumba alichopanga mtaa wa Hampstead mjini London, alitengeneza redio ambayo nyaya zake zilikuwa mistari ya madini juu ya bamba.

Aliipeleka kwa watengenezaji wa redio wakaikataa. Katika kumbukumbu zake, zilizotolewa mwaka 1989, asimulia kwamba aliambiwa kazi ya kuunganisha nyaya hufanywa na wasichana, na wasichana ni rahisi zaidi. Hoja hiyo yachukiza, lakini kibiashara haikuwa ya kipumbavu. Mtambo hauonekani kuwa na faida pale ujira wa mkono unapokuwa mdogo kupita kiasi. Vita vilipoanza, mkimbizi huyu aliyewakimbia Wanazi alitiwa kizuizini na Waingereza kama raia wa nchi ya adui. Alipoachiliwa mwaka 1941 alipata msaada mahali ambapo mhandisi wa umeme asingefikiria kubisha hodi: kwa Henderson & Spalding, wachapaji wa mawe wa Camberwell. Kampuni hiyo iliunda tawi lililoitwa Technograph kwa ajili ya wazo lake. Eisler alitia sahihi mkataba bila kuusoma sawasawa, na kwa sahihi hiyo haki za uvumbuzi wake ziliingia mikononi mwa kampuni kwa malipo ya jina tu, pamoja na fungu la hisa. Hataza iliombwa mwezi Februari, 1943.

Uvumbuzi wake ulikuwa nini hasa? Karatasi nyembamba ya shaba hubandikwa juu ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Mistari huchapwa juu yake kwa wino unaostahimili dawa. Shaba iliyo wazi huliwa. Mchapaji yeyote wa zama zile angeitambua kuwa kazi yake ya kila siku, ila tu bamba lililokuwa chombo cha kuchapia sasa limekuwa ndilo zao lenyewe.

Hapa pana kosa ambalo limerudiwa mara nyingi katika maandishi. Husemwa kwamba Wamarekani walichukua njia ya Eisler na kuitia katika fyuzi za makombora ya Vita Kuu ya Pili, zile zilizolipuka zilipokaribia shabaha. Saketi zilizotengenezwa Marekani mwaka 1945 kwa fyuzi za makombora ya mota, chini ya uongozi wa Taasisi ya Taifa ya Viwango, hazikuwa za kula shaba. Rangi yenye chembe za fedha ilipitishwa katika kitambaa cha hariri juu ya kigae kigumu, kisha ikachomwa tanuruni. Huko ni kuongeza, siyo kupunguza. Kizazi chake ni kile cha Sadler na vigae vyake kuliko kile cha Hopfer na deraya zake. Ripoti iliyotolewa na taasisi hiyo mwaka 1947 ilizipanga njia nyingi za kuchapa saketi, na wakati ule haikuwa wazi ni ipi itakayoshinda. Katika miaka ya 1950 njia ya kupunguza ndiyo iliyotawala, kwa sababu karatasi ya shaba iliyokwisha kubandikwa ilipatikana kwa wingi na hupitisha umeme vizuri kuliko rangi yoyote.

Technograph iliyashitaki makampuni ya Marekani. Mwaka 1963 mahakama ya Maryland, katika kesi dhidi ya Bendix, ilitangaza kwamba hataza za Eisler nchini humo hazikuwa halali, na mahakama ya rufani ikaithibitisha hukumu mwaka 1964. Ushahidi uliomwangusha ulikuwa wa kweli. Albert Hanson aliandikisha mwaka 1903 mistari bapa ya madini juu ya karatasi yenye nta. Arthur Berry mwaka 1913 alieleza namna ya kula madini ili kupata njia za umeme. Charles Ducas mwaka 1925 alipendekeza kuchapa njia hizo kwa wino unaopitisha umeme. Kila pande la wazo lilikuwapo. Lakini hukumu ya sheria na hukumu ya historia hazipimwi kwa mizani moja. Katika muda wa miaka 40 tangu Hanson hakuna aliyewashawishi watengenezaji kwamba redio yaweza kutoka katika mtambo wa kuchapa, na aliyefanya hivyo, kwa ukaidi uliomgharimu sana, ni Eisler. Yeye alikwisha kuiacha Technograph mwaka 1957. Alifariki London mwaka 1992.

Sanaa ya tatu ilianza katika jiko la nyumba ya kupanga mjini New York. Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja ya vifaa vya umeme, na shida yake ilikuwa nakala: hazikutosha kamwe, na kunakili kwa mkono kulimwumiza kwa kuwa viungo vyake vilikuwa na ugonjwa. Alijaribu salfa jikoni mpaka harufu ikawakera majirani, ndipo akapanga chumba Astoria, akamwajiri Otto Kornei, mkimbizi mwingine kutoka Austria. Tarehe 22 Oktoba, 1938, Kornei aliandika kwa wino tarehe hiyo na jina la mahali juu ya kioo kidogo cha hadubini. Bamba la zinki lililopakwa salfa lilisuguliwa kwa kitambaa mpaka likapata chaji ya umeme, likaangaziwa taa kali kupitia kioo kile, likanyunyiziwa unga laini wa mmea. Unga ulishika palipokuwa na kivuli cha maandishi tu. Ukagandamizwa kwenye karatasi ya nta, ikapashwa moto, maandishi yakaganda.

Yafaa msomaji azingatie tendo hilo la mwisho: unga uliohamishwa kutoka kitu kimoja hadi kingine, ukayeyushwa kwa joto ili ushike. Pasi ya fundi wa saketi hurudia tendo hilohilo.

Makampuni mengi yalimkataa Carlson. Taasisi ya Battelle ya Ohio ilimpokea mwaka 1944, na baada yake kampuni ya Haloid. Jina la njia hiyo lilitolewa na profesa wa lugha za kale wa chuo kikuu cha Ohio, aliyeunganisha maneno mawili ya Kiyunani, lenye maana ya ukavu na lenye maana ya kuandika. Kiswahili hakikulichukua jina hilo, bali kikashika fotokopi, lisilotaja ukavu hata kidogo. Hivyo anayetaka kueleza jambo lenyewe analazimika kusema wino mkavu, usemi unaojipinga mwenyewe kwa namna ya kupendeza. Mashine ya kwanza ya Haloid, ya mwaka 1949, ilikuwa nzito na ya polepole kwa kazi za ofisini, ikapata wateja kwingine: ilitumiwa kutengenezea mabamba ya uchapaji wa ile nasaba ya Senefelder, kwa kuwa unga wake uliokwisha kuyeyuka hupokea wino wa mafuta. Kumbe unga wa Carlson ulikuwa tayari umerudi katika kazi ya kulinda na kuchagua juu ya bamba, miaka mingi kabla mtu hajafikiria kuupiga pasi juu ya shaba. Mashine iliyoenea ofisini, Xerox 914, ilifuata mwaka 1959.

Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox, alibadili taa kwa miali ya leza inayoongozwa na kompyuta, kazi aliyoiendeleza California kuanzia mwaka 1971. Mwaka 1984 Hewlett-Packard ilitoa printa ya leza ya kuwekwa mezani, yenye uwezo wa nukta 300 kwa inchi. Nukta moja basi ilikuwa na upana usiofika sehemu 1 ya 10 ya milimita, hali miguu ya viungo vya kawaida vya elektroniki ilikuwa imeachana milimita 2.54. Mpaka hapo mtu wa nyumbani aliyetaka saketi yake mwenyewe alikuwa akichora kwa kalamu ya rangi isiyoyeyuka, au kwa rangi ya kucha, mstari kwa mstari, na kila nakala ilikuwa kazi mpya.

Sababu ya tona kufaa ni ya kikemia. Huo siyo wino, bali ni plastiki iliyosagwa pamoja na masizi, na mara nyingi oksidi ya chuma. Plastiki hiyo hulainika kwa joto la pasi, haiyeyuki majini, na feri kloridi haiigusi. Ila asetoni huiondoa upesi kazi ikiisha. Karatasi ya magazeti yanayong'aa nayo imepakwa udongo laini ambao hulegea ukiloweshwa, ikaitoa karatasi na kuiacha tona. Hayo hayakukusudiwa na mtu yeyote, si na mtengenezaji wa printa, si na mchapishaji wa gazeti. Shaba lazima isuguliwe mpaka ing'ae, kwani alama ya kidole yatosha kuzuia tona isishike. Karatasi ikivutwa kabla haijalegea, mistari hukatika. Na pasi ikikandamizwa kupita kiasi, mistari hutanuka na kugusana. Bamba la kawaida lina shaba ya unene wa maikromita 35, na dawa ikiachwa muda mrefu haiishii kuchimba chini bali hula pia pembeni, chini ya tona. Dawa iliyotumika ina shaba ndani yake, ni sumu kwa samaki, wala haifai kumwagwa mferejini.

Waanzao kazi hii hukwama zaidi katika ile hesabu ya vinyume. Kwa kuwa picha hugeuka mara moja, mtu hudhani lazima sikuzote aichape kinyume. Lakini njia za shaba za upande wa chini wa bodi kwa desturi huchorwa kama zionekanavyo kutoka juu, kana kwamba bamba ni kioo. Zimekwisha kuwa kinyume, na zikigeuzwa tena hutoka zisizofaa. Za upande wa juu ndizo zinazotaka kugeuzwa. Bodi nyingi zimetupwa kwa kosa hilo, na mwenye kuligundua hufanya hivyo kwa kawaida baada ya kutoboa matundu yote.

Jambo moja njia ya nyumbani haijaliweza. Kiwandani kuta za matundu huvikwa shaba kwa dawa na umeme, ili mstari wa upande mmoja uungane na wa upande wa pili. Pasi na bakuli havina uwezo huo. Kwa hiyo fundi hupitisha kipande kifupi cha waya katika kila tundu, akakilehemu juu na chini kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kama walivyofanya wale wasichana wa viwanda vya redio.